Viti Viwili Vinavyotazamana

Stesheni ya Reli,
S.L.P. 17,
Shinyanga.
11 Februari 1973

Mama,

Shikamoo. Najua utashangaa kuona mwandiko huu, maana barua za nyumba hii huandikwa na Anisia. Usiogope. Anisia yuko salama, ila daktari amemkataza kukaa kitako muda mrefu, naye amesema habari hii haiwezi kungoja. Ndipo akanitia kalamu mkononi. Ni mimi mkweo, Marselino.

Umepata mjukuu wa kiume. Amezaliwa Ijumaa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, uzito ratili saba na nusu. Tumempa jina la marehemu mzee wako, Kamili. Limi anasema mdogo wake ni mbaya na tumrudishe hospitali tukachague mwingine.

Dakika hizo nilimbana mkunga mpaka akanitajia, maana kazi yangu ni kupokea treni. Uchungu ulipomshika Anisia mimi nilikuwa Malampaka, nimeazimwa huko kwa wiki moja. Nikapanda treni ya mizigo. Mwendo wa saa nne nzima, Mama, tukisimama kila penye kichaka! Ingekuwa ile treni ya Ujapani, safari hiyo ni chini ya nusu saa, na ningemsikia mtoto akilia mara ya kwanza. Nimefika ameshanyamaza na amelala.

Nisamehe, Mama. Nimeanza kumwandikia mkwe mambo ya treni. Anisia anakusalimu sana.

Mkweo,
Marselino Mihayo


Geita, Kota za Mgodi wa Zamani,
2 Machi 1973

Baba Limi, mkwe wangu,

Marahaba, baba. Wabeja, asante sana kwa habari. Nilipoisoma nilipiga vigelegele mpaka Bruda Herman wa misheni akatoka mvunguni mwa gari lake akidhani nimeumwa na nyoka. Kamili amerudi! Mwambie Anisia anywe uji wa ulezi, asilete mambo ya mjini.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, asiwepo wa kuniambia nilimkodi mtoto wa shule. Cheti cha kisomo cha watu wazima kiko ukutani kwangu, njoo ukione. Loo, hutakiona, maana huingii ndani.

Nimekaa nimecheka sana. Umemwoa binti yangu miaka sita sasa, na ninachokijua kwako ni viatu. Ukija unapita nyuma ya nyumba, mimi najificha chumbani, natazama chini ya mlango: viatu vyeusi, kisigino cha kulia kimelika. Sauti yako ni "shikamoo" moja unayoiambia ukuta. Sisemi vibaya, ndiyo heshima yetu. Hata mimi nilimkimbia baba mkwe wangu siku moja nikaingia kwenye miiba na mtungi kichwani. Lakini barua haina uso, baba. Hapa hatuonani. Hebu niambie, hiyo treni ya Ujapani ni kitu gani?

Nakuuliza kwa sababu na mimi nina ugonjwa kama wako, ila wangu ni wa ndege. Nilifua na kushona mashuka ya nyumba ya wageni ya mgodi miaka kumi na saba, na kiwanja cha ndege kilikuwa nyuma ya kamba zangu za nguo. Kila ndege iliyotua niliijua kwa mlio kabla haijaonekana. Nikawa nachora kwenye daftari zile alama za ubavuni mwake. Sikujua kusoma, nilichora tu kama mtu anavyochora mwiko au jembe. Mwaka juzi, nilipomaliza kisomo, nikalifungua daftari lile kwenye sanduku. Mwanangu, nikasoma! VR-T, VR-T, ukurasa mzima, kila ndege na herufi zake. Niliketi chini nikalia peke yangu.

Mgodi ulipofungwa, mkubwa wao aliacha ndege moja bandani. Inaitwa Fox Moth, sisi tunaiita Foksi. Ina miaka arobaini. Ni ya miti na nguo, mabawa mawili juu na mawili chini. Panya walikula nguo yote. Bruda Herman, fundi wa misheni, amejitia kuifufua, akaja kwangu akauliza, "Mama Anisia, unaweza kushona bawa?" Nikamjibu kwamba nimeshashona suruali ya mkubwa wa mgodi, na bawa halina tumbo la kunisumbua. Nashona tangu Septemba.

Andika, baba.

Mama Anisia


Shinyanga,
18 Machi 1973

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara moja nimewasomea wenzangu stesheni, pale penye suruali ya mkubwa wa mgodi. Hakuna aliyefanya kazi kwa robo saa.

Anisia na mtoto hawajambo. Kuhusu treni: abiria mmoja alisahau kalenda kwenye behewa la daraja la kwanza. Picha ya mwezi wa tano ilikuwa treni nyeupe yenye pua ya mviringo, nyuma yake mlima wenye theluji. Nikauandikia ubalozi wao Dar es Salaam. Wakanijibu, Mama! Wakanitumia kijitabu. Tangu mwaka 1964 treni ile inakwenda kilomita mia mbili na kumi kwa saa moja, na ikichelewa dakika moja wanaomba radhi. Ikija kwetu, chai niliyoimimina Shinyanga naweza kuimalizia Tabora. Nakutumia kijitabu, kitazame kisha unirudishie, maana nalala nacho.

Mimi nina daftari langu pia. Kila treni inayopita kwenda Mwanza naipima muda kati ya nguzo na nguzo. Kasi kubwa niliyowahi kuipata ni kilomita hamsini na tatu, nayo ilikuwa inateremka.

Sasa naomba kuuliza kwa unyenyekevu: hiyo Foksi inakwenda kasi gani?

Mkweo,
Marselino


Geita,
9 Aprili 1973

Baba Limi,

Maili tisini kwa saa. Bruda amethibitisha. Na iko juu, haina kona wala kichaka cha kusimama. Basi imeshinda.

Mama Anisia


Shinyanga,
22 Aprili 1973

Mama,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Maili tisini ni kilomita mia na arobaini na tano. Nimepiga hesabu mara tatu nikitafuta namna ya kukwambia kwa adabu, nimeikosa. Treni ya Ujapani ikitoka pamoja na Foksi, itaipita. Tena itaipita ikiwa chini na watu wanakunywa chai.

Nisamehe sana, Mama.

Mkweo,
Marselino


Geita,
20 Mei 1973

Baba Limi,

Weee! Kitu kinachotambaa kiipite ndege! Ningekuwa si mkweo ningekwambia neno. Nimekipeleka kijitabu kwa Bruda ili anitetee, amekisoma, akakuna kidevu, akasema, "Mkweo hakosei." Nimemnyima chai siku mbili.

Lakini sikia habari yenyewe. Mabawa yamekwisha. Nikueleze yanavyoshonwa, maana najua wewe unapenda kujua. Nguo ni kitani kutoka Ulaya. Unaivika bawa kama foronya, halafu unaifunga kwenye mbavu za mti, ubavu mmoja baada ya mwingine. Sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Mimi naipitisha juu, Bruda yuko chini anaipokea na kunirudishia, uzi umepakwa nta, kila mshono na fundo lake, ili mmoja ukikatika mwingine usifuatie. Kila inchi tatu, baba, mabawa manne, juu na chini. Baadaye tunapaka dawa ya kukaza nguo, ambayo harufu yake inalewesha kuliko pombe ya mtama. Ukilipiga bawa kwa kidole linalia kama ngoma mpya. Juni wataifanyia ukaguzi, na mtu wa serikali atatoka Mwanza na karatasi zake.

Halafu inaondoka. Kuna tajiri Uingereza anayekusanya ndege za zamani, ameinunua. Bruda naye anarudishwa kwao, amezeeka. Tarehe 12 Agosti ataipeleka Mwanza, na kutoka hapo sitaiona tena. Lakini Jumamosi tarehe 11 atanirusha. Nusu saa: mgodini, Nungwe ziwani, na kurudi. Miaka kumi na saba nimezitazama kutoka kwenye kamba za nguo, na tangu Septemba nimeshona mbavu za hii moja. Sasa naingia ndani!

Shida ni moja. Rubani wa Foksi hukaa nyuma, juu, peke yake. Abiria wanakaa kwenye chumba kidogo mbele yake, kama kabati, viti viwili vinavyotazamana, magoti kwa magoti. Bruda anataka mtu kila kiti ili uzito ukae sawa. Hapa kijijini hakuna anayekubali. Wote wanasema nguo haiwezi kuruka. Bruda anasema ataweka gunia la mchanga. Nikae nikitazamana na gunia, siku yangu hiyo moja? Nataka mtu anayejua anachokiona. Wewe unajua. Njoo, baba, njoo na saa yako, upime mwenyewe kutoka bomba la moshi la mgodi mpaka ufuko wa Nungwe. Usipokuja siendi, nimeshamwambia Bruda. Nitabaki chini kama siku zote.

Mama Anisia


Shinyanga,
10 Juni 1973

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimefurahi kwa kukamilika kwa kazi. Nasikitika kwamba mwezi Agosti sitaweza kupata ruhusa. Stesheni tuna upungufu wa watu na msimu wa pamba umeanza. Naomba uende na mtu mwingine. Nakutakia safari njema.

Watoto hawajambo.

Mkweo,
M. Mihayo


Geita,
8 Julai 1973

Bwana Mihayo,

Nakurudishia kijitabu chako cha treni. Hakina doa.

Anisia kaniandikia, kwa habari zake nyingine kabisa, kwamba una likizo kuanzia tarehe 4 Agosti, wiki tatu, na mtaezeka jiko. Basi sio upungufu wa watu.

Nimeshona tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Nimeshona vazi la padre na sanda ya mume wangu. Kama wasiwasi wako ni mshono wangu, ungesema mshono. Mkaguzi wa serikali aliipiga kila ubavu kwa kifundo cha kidole, akavuta, akachungulia kwa kioo, akatia sahihi. Yeye ni mtu baki na ameamini. Wewe umeniandikia barua zako zote hizo za kasi na dakika, mimi nikadhani nimepata mtu. Kumbe ulikuwa unanicheka kama hawa wa kijijini.

Nimemwambia Bruda aende na magunia yake mawili. Mimi nitaanika nguo siku hiyo.

Mama Anisia


Shinyanga,
19 Julai 1973

Mama yangu,

Shikamoo. Ni Anisia. Baba Limi yuko zamu na hajui kama naandika.

Umemwandikia nini mume wangu? Siku tatu hali chakula. Anakaa na kile kijitabu mapajani hakifungui. Nikamnyang'anya barua nikaisoma. Mama! Mshono! Mtu huyu amevaa shati ulilomshonea siku ya arusi mpaka kola imegeuzwa mara mbili, na hataki nimnunulie jingine.

Nikamkalia kooni mpaka akasema. Nakuandikia kama alivyosema: "Magoti kwa magoti na mama mkwe, nusu saa, nimtazame usoni? Nitaweka wapi macho? Siwezi kumwambia mama mtu mzima kwamba naona haya, maana hata kulisema ni kumkosea." Ndiyo sababu akasingizia kazi. Ulipomwalika hakulala kwa furaha, Mama, nilimwona mimi. Alinunua betri mpya za tochi, sijui za nini mchana. Ila kila alipoirudia barua, akifika pale pa magoti aliikunja.

Nyie wawili ni wagonjwa wa aina moja na mnanichosha. Malizeni wenyewe.

Mwanao,
Anisia


Geita,
27 Julai 1973

Baba Limi, mkwe wangu,

Nimekukosea, baba. Nisamehe. Hasira yangu ni kama maziwa jikoni, ukigeuka tu imemwagika. Haki ya Mungu, nilipokualika sikuyaona magoti, niliona ndege. Nimeona haya nilipoisoma barua ya Anisia, nikajifunika kanga kichwani ingawa nilikuwa peke yangu.

Ila kanga hiyohiyo imenipa akili. Nimeingia ndani ya Foksi na sindano zangu. Nimepitisha kamba kati ya viti viwili, kutoka ukuta huu mpaka huu, nikatundika kanga yangu ya maua mekundu. Ni pazia kamili, mpaka sakafuni. Wewe una dirisha lako upande wako, mimi langu. Utaingia kwanza na kukaa, ndipo niingie mimi. Hatutaonana hata ukucha. Bruda amecheka mpaka akashika kiuno, lakini amekubali.

Njoo. Tafadhali, baba, njoo. Zimebaki wiki mbili na sina mtu mwingine.

Mama Anisia


Shinyanga,
3 Agosti 1973

Mama,

Shikamoo. Nakuja. Nitaondoka Alhamisi kwa lori la pamba hadi Mwanza, halafu kivuko. Nitalala misheni kwa Bruda. Jumamosi saa tatu kamili nitakuwa nimekaa upande wangu.

Nimeiweka saa sawa na ya stesheni.

Mkweo,
Marselino


Shinyanga,
19 Agosti 1973

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama Jumanne. Anisia ameniuliza mara kumi safari ya angani ilikuwaje, nimemjibu "nzuri sana" na kwenda kuezeka jiko. Wewe siwezi kukudanganya tena, maana uongo wangu wa kwanza ulituumiza.

Mama, sikuona kitu.

Tulipoacha ardhi nilikuwa nimeshika saa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Nilihisi mabawa yametukamata, nikafurahi mpaka nikasema "Asante" kwa sauti, sijui nilimwambia nani. Ndipo Bruda akafungua kile kidirisha kidogo kilicho kati yake na sisi atupigie kelele za kutuonyesha kitu. Upepo ukaingia, kamba ikachomoka, na kanga yote ikaanguka magotini mwangu. Nikaona kitambaa chako cha kichwa. Nikafumba macho hapohapo.

Ningeweza kugeukia dirisha, lakini chumba ni kidogo, na kila nilipojaribu kufumbua nilijua utakuwa palepale. Nikajisemea: mimi nina treni kila siku, Mama ndege hii haipandi tena. Nikimtazama ataona haya, ataharibikiwa na siku yake. Nikifumba, atakuwa huru kama yuko peke yake, aangalie kushoto na kulia anavyotaka. Nikafumba kwa nguvu mpaka tulipotua, na ukashuka kwanza, na nikasikia hatua zako zimekwenda.

Daftari langu lina tarehe na jina la ndege, na mstari mtupu. Kwa hiyo naomba, Mama, wewe uliyeona. Niandikie kila kitu. Bomba la moshi tulilipita lini kwa kukadiria, na ufuko je? Ziwa lina rangi gani kutoka juu? Nitafurahi kana kwamba niliona mwenyewe.

Mkweo,
Marselino


Geita,
19 Agosti 1973

Baba Limi, mkwe wangu,

Natumaini umefika. Foksi imeondoka Jumapili saa mbili. Ilizunguka mara moja juu ya kota, nikapunga mkono, ikaenda zake. Nyumba imekuwa kimya. Vidole vinataka sindano na hakuna cha kushona.

Nakuandikia kwa neno moja. Bruda, kabla ya kupanda, aliniuliza kama angani nilikuwa nasali. Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mtumishi wa Mungu.

Kanga ilipoanguka niliona mikono yako imeshika saa na kalamu, tayari kuandika. Nikasema moyoni, kijana wa watu amesafiri siku mbili juu ya marobota ya pamba ili apime kasi. Nikimtazama, huyu kwa adabu yake atainamisha kichwa mpaka tutue. Nikafumba macho yangu ili wewe uangalie. Kuinama niichukue kanga nisingeweza, ingebidi nikuguse. Nikakaa hivyo. Nilisikia injini, nilisikia uzi wangu unavuma kwenye upepo, na haukukatika hata mmoja, huo ndio ushahidi wangu. Nilitaka nilione paa la nyumba yangu na kaburi la mzee wangu kutoka juu. Si kitu. Ulikuwepo wewe uliyeona.

Basi nieleze, baba. Andika polepole, usiruke kitu. Kaburi liko karibu na kanisa, lina msalaba mweupe. Ulipata kuuona? Na kasi ilikuwa ngapi? Sema kweli, hata kama treni imeshinda.

Mama Anisia


Geita,
2 Septemba 1973

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani, najua yangu sasa unayo mkononi kama mimi nilivyo na yako. Nilipofika pale uliponiomba nikueleze rangi ya ziwa, nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nililia. Nililia kweli, sikufichi. Mbingu yote ile, nusu saa nzima, imewabeba watu wawili waliofumba macho wakiachiana nafasi. Hata lile gunia la mchanga lingeona zaidi yetu.

Nimewaza wiki nzima. Heshima yetu ni nzuri, na sitamfundisha mtu kuivunja. Lakini nimewaza hivi: mimi nina miaka hamsini na tisa. Mtu aliyenielewa kuliko wote katika ugonjwa wangu huu, aliyekuja siku mbili kwa sababu nilimwita, aliyejinyima macho yake mwenyewe ili mimi nione, nikikutana naye sokoni Geita kesho nitampita, maana sura yake siijui. Hiyo si heshima tena, hiyo ni hasara, na mimi sitaki kuzikwa nayo.

Kwa hiyo nimekwenda kwa shemeji yangu Mabula, mkubwa wa ukoo, nikamwambia: ukwe ni wangu, aibu ni yangu, na nimeamua kuiondoa. Amenuna. Amesema nimeharibiwa na kisomo. Nikamwambia ndiyo, nimeharibika, na nikatoka. Atapoa.

Desemba mje wote, Anisia, Limi na Kamili. Basi la Jumamosi tarehe 22 linafika saa tisa. Nitakuwa nimesimama stendi, na watu wote wa Geita watakuwepo maana ni siku ya mnada. Ukishuka usiangalie chini. Nitakushika mkono, nitakutazama usoni, na nitawaambia wanaotushangaa kwamba huyu ni mwanangu. Nitaona haya, nakwambia mapema. Na wewe pia. Tutasimama hivyohivyo mpaka tuzoee.

Mama yako,
Tereza